Jogoo Uani: Sheria ya Uingereza Inavyotungwa na Inavyosomwa

Tarehe 15 Novemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu mjini London walisema kwa kauli moja kwamba mpango wa serikali yao wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi haukuwa halali. Haikufika nusu mwaka, Bunge likapitisha sheria, na mfalme akaiidhinisha Aprili 2024, iliyosema kwamba Rwanda ni nchi salama na kwamba kila mwenye kuamua maombi ya watu hao, majaji wakiwamo, lazima aichukulie hivyo.

Vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp swali likawa moja: sasa mkubwa ni nani? Wapo waliosema Uingereza inaendeshwa na majaji. Wapo waliosema mahakama imetemewa mate. Na wapo waliouliza, hawa ndio walionifurahisha, iweje wabunge wapige kura kuamua kama nchi ya watu ni salama.

Tuanzie mbali na London. Tuanzie kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Mama mwenye nyumba ameandika kwa chaki kwenye mlango wa uani: MARUFUKU KUFUGA. Hakuongeza neno. Alhamisi mpangaji wa chumba cha tatu anarudi na jogoo, anamfunga kamba karibu na karo, angoje hadi Jumapili wageni watakapokuja. Alfajiri jogoo anawika. Chumba cha tano wanatoka wamefura: sheria imevunjwa! Wa chumba cha tatu anajibu kwa utulivu kabisa: mimi sifugi, nasubiri pilau.

Hapo pana maswali matatu. Nani mwenye haki ya kuandika kwenye ule mlango? Neno "kufuga" lina maana gani? Na huyu jogoo, kwa kweli, amekaa uani siku tatu au wiki tatu? La kwanza ni la kutunga sheria, la pili la kuitafsiri, la tatu la kuitumia juu ya mtu fulani na jambo fulani. Mabishano mengi kuhusu mahakama hutokea kwa sababu mmoja anazungumzia swali la kwanza na mwenzake anamjibu la tatu.

Kabla hatujaendelea, Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya. Tukisema "Uingereza" tunaweza kuwa na maana ya England, na tunaweza kuwa na maana ya ufalme mzima pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Sheria ninayoizungumzia hapa ni ya England na Wales. Scotland ina mahakama zake na mapokeo yake ya sheria, na Ireland ya Kaskazini vilevile ina mahakama zake. Bunge la Westminster na Mahakama ya Juu vinawahudumia wote, ingawa kesi za jinai za Scotland kwa kawaida huishia kulekule kwao.

Wenye chaki

Bunge ndilo mama mwenye nyumba. Muswada husomwa mara tatu katika Baraza la Commons, la wabunge waliopigiwa kura, na mara tatu katika Baraza la Malodi, ambao hawapigiwi kura na wananchi, kisha hupelekwa kwa mfalme auridhie. Mfalme hakatai. Wa mwisho kukataa alikuwa Malkia Anne, mwaka 1708. Malodi nao, tangu sheria za 1911 na 1949, wanaweza kuichelewesha miswada mingi lakini hawawezi kuiua. Marufuku ya kuwinda mbweha kwa mbwa ilipita hivyo mwaka 2004, Malodi wakiwa wamenuna.

Ila mama hawezi kuandika kila kitu. Humwachia mwanawe chaki: wewe panga siku za kufua, mimi niko safarini. Hizo ndizo sheria ndogo, ambazo mawaziri huziandika kwa mamlaka waliyopewa na Bunge. Kwa idadi zinazizidi mno sheria za Bunge lenyewe, na wananchi wengi hawajui kwamba zipo. Tofauti yake ni kubwa mahakamani. Mwana akivuka alichoagizwa, jaji anaweza kufuta alichoandika. Mwaka 2013 serikali iliweka ada kwa mfanyakazi anayetaka kumshtaki mwajiri wake, ada iliyofika hadi pauni 1,200. Chama cha wafanyakazi cha Unison kikaenda mahakamani, na Julai 2017 Mahakama ya Juu ikaifuta amri ile yote: Bunge halikumpa waziri ruhusa ya kuwafungia watu mlango wa haki.

Sheria ambayo haikuandikwa na Bunge

Sasa tunafika penye utamu, na penye kuchanganya zaidi. Mtu akiua kwa kukusudia London leo, atashtakiwa kwa kosa ambalo hakuna sheria ya Bunge inayolifafanua. Bunge limegusa adhabu na mambo machache ya pembeni: mwaka 1965 lilisimamisha hukumu ya kifo kwa kosa hilo na kuweka kifungo cha maisha. Lakini kosa lenyewe ni nini, nia ipi inatosha, hayo kwa sehemu kubwa yamejengwa na majaji, hukumu juu ya hukumu.

Ilianzaje? Katika karne ya 12 Mfalme Henry II aliwatuma majaji wake wazunguke nchi wakisikiliza kesi. Kila mahali palikuwa na mila yake. Majaji wale waliporudi Westminster walilinganisha walivyoamua, na polepole mila za huku na kule zikayeyushwa zikawa sheria moja ya pamoja kwa ufalme mzima. Ni hilo neno "ya pamoja" lililozaa jina lake la Kiingereza, common law. Sisi tumeitafsiri "sheria ya kawaida", tafsiri ambayo sijawahi kuipenda, maana humfanya msomaji adhani kuna sheria nyingine isiyo ya kawaida. Mimi nitaiita sheria ya majaji.

Turudi uani. Safari hii mama mwenye nyumba amekaa kiti cha jaji, na ameamua kwamba jogoo wa siku tatu anayesubiri sherehe si mfugo. Mwaka unaofuata wa chumba cha sita analeta bata wa Idi. Akigombezwa, jibu analo: "Mama, mbona mwaka jana ulimruhusu mwenzangu?" Mama akiwa mtu wa haki, atamruhusu. Na siku ambayo binti yake ndiye anayesimamia nyumba, binti hana ujanja, amefungwa na neno la mama. Ngazi ya mahakama iko hivyohivyo: uamuzi wa Mahakama ya Juu unaifunga Mahakama ya Rufani, na wa Rufani unaifunga Mahakama Kuu.

Kinachofunga ni ile sababu iliyobeba uamuzi, basi. Mama alipoamua ya jogoo aliongeza: "Hata angekuwa mbuzi ningemwachia." Mbuzi hakuwapo. Hayo ni maneno ya kando. Yanaheshimiwa lakini hayamfungi mtu. Na wakili mzuri hutafuta penye tofauti: jogoo wa chumba cha tatu alikaa siku tatu, bata wa chumba cha sita ana miezi miwili na keshaanza kutaga. Zile ni kesi mbili. Sehemu kubwa ya kazi ya uwakili Uingereza ni kubishana kama bata huyu anafanana na jogoo yule.

Mfano maarufu kuliko wote, ambao mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam na wa Nairobi huupata mapema tu, ni wa konokono. Tarehe 26 Agosti 1928, mjini Paisley, Scotland, mwanamke mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, ya ndani haionekani. Alidai kwamba walipomimina iliyobaki, alitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Tatizo lake kisheria: hakununua yeye. Hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, sembuse na mtengenezaji. Mwaka 1932 Malodi wa mahakama, yaani majaji waliokaa katika Baraza la Malodi na kuwa mahakama ya mwisho kabla Mahakama ya Juu haijaanzishwa, kwa watatu dhidi ya wawili, walisema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji wa mwisho hata kama hawajawahi kupeana hata senti. Lodi Atkin aliazima swali la Injili, jirani yangu ni nani, akajibu kwa lugha ya sheria: ni yule anayeweza kuguswa na tendo lako kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujatenda. Bunge halikusema neno. Katika sentensi zile kikajengwa kitengo kizima cha sheria ya uzembe.

Na konokono? Kesi ilimalizwa kwa mapatano kabla ushahidi haujasikilizwa. Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba alikuwamo chupani.

Wengi hudhani kesi kama hiyo inatufunga na sisi kwa kuwa tulitawaliwa. Hapana. Tanganyika ilipokea sheria ya majaji wa England kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa mazingira ya hapa. Konokono ni wa baada ya tarehe zote mbili. Majaji wetu humtaja kwa sababu hoja yake imewashawishi.

Je, neno la jaji likishasemwa halibadiliki? Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Kuanzia 1898 Malodi wa mahakama walijifunga kwa maamuzi yao wenyewe, wakakaa nayo hata yale waliyojua ni mabaya, hadi mwaka 1966 walipotangaza kwamba wanaweza kuyaacha pale inapobidi. Na mwaka 1991 walivunja kanuni iliyotokana na maandishi ya jaji Matthew Hale, yaliyochapwa mwaka 1736, kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe. Watetezi wa zamani walilalamika kwamba hiyo ni kazi ya Bunge. Majaji walijibu kwamba wanaondoa kanuni iliyokwisha kupitwa na wakati. Mimi naona walitunga sheria, na walifanya vyema, lakini tusijidanganye kwamba "waliigundua" mahali ilipokuwa imejificha. Bunge lilikuja kuiandika baadaye, mwaka 1994.

Neno moja, maana mbili

Bunge likishaandika, maneno hutoka mikononi mwake. Jaji hafungui simu kumuuliza mbunge alitaka kusema nini. Kwa muda mrefu hata kunukuu mijadala ya Bunge mahakamani kulikatazwa. Mlango huo ulifunguliwa kidogo tu mwaka 1992, kwa sheria yenye utata na kwa kauli ya wazi ya waziri aliyeileta.

Njia ya kwanza ni kulisoma neno kama lilivyo, na njia hiyo imetoa vichekesho. Mwaka 1868 mtu mmoja alipiga kura kwa jina la marehemu. Sheria ilikataza kujifanya "mtu mwenye haki ya kupiga kura". Marehemu hana haki ya kupiga kura. Akaachiwa. Karibu karne moja baadaye mwenye duka wa Bristol alishtakiwa kwa kuweka dirishani kisu cha kufyatuka chenye bei yake. Sheria ilikataza "kutoa pendekezo la kuuza". Katika sheria ya mikataba, bidhaa dirishani ni mwaliko tu, mteja ndiye anayependekeza. Akaachiwa naye, na Bunge likakimbilia kuziba tundu mwaka 1961. Hapo unaona mazungumzo yalivyo: mahakama inasoma, Bunge linajibu kwa chaki mpya.

Njia nyingine ni kongwe zaidi ya tunavyodhani. Tangu mwaka 1584 majaji walielekezana waulize: sheria hii ililetwa kutibu ugonjwa gani? Mwaka 1960 wanawake waliokuwa wakiuza miili London walishtakiwa kwa kuwaita wateja "mtaani". Wao walikuwa ndani, roshanini na madirishani, wakigonga vioo. Mahakama ikasema sheria ililetwa ili mpita njia asisumbuliwe, na anasumbuliwa vilevile anapoitwa kutoka juu. Wakatiwa hatiani.

Uani napo ni hivyohivyo. Anayesoma herufi atasema njiwa wa chumba cha pili ni mifugo kwa kuwa wanalishwa na wana banda. Anayeuliza ugonjwa atajiuliza: mama alichoka na nini, harufu au makelele? Siku hizi majaji huchanganya njia zote, wakitazama neno ndani ya sheria nzima na shabaha yake. Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliulizwa neno "mwanamke" lina maana gani katika Sheria ya Usawa ya 2010, ikajibu ni mwanamke wa kibaiolojia. Dunia ikagombana kana kwamba majaji wametoa tafsiri ya kamusi kwa wanadamu wote, ilhali wao wenyewe walisema kazi yao ilikuwa maana ya neno ndani ya sheria ile.

Basi mkubwa ni nani?

Sasa Rwanda inaeleweka. Kinyume na ilivyosambazwa, majaji hawakusema kwamba kumpeleka mwomba hifadhi nchi ya tatu ni haramu siku zote. Na hawakutegemea mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya peke yake. Walionyesha kwamba hata sheria za Bunge la Uingereza lenyewe zinakataza kumrudisha mkimbizi hatarini. Waliuliza swali la tatu, la siku ngapi jogoo amekaa: je, zipo sababu za msingi za kuamini kwamba watakaopelekwa Rwanda wako katika hatari ya kweli ya kurudishwa walikokimbia? Wakapima ushahidi, ukiwamo wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, wakasema zipo.

Serikali ikatia saini mkataba mpya na Kigali, kisha Bunge likachukua chaki na kuandika jibu la swali la tatu mlangoni. Ni kama mama mwenye nyumba kuandika: "Jogoo wa chumba cha tatu si jogoo." Anawika, lakini si jogoo. Inashangaza, ila kwa mpangilio wa Uingereza Bunge lina uwezo huo. Hakuna katiba moja iliyoandikwa iliyo juu yake. Nairobi, Mahakama Kuu inaweza kutangaza sheria ya Bunge kuwa batili kwa kuwa inapingana na Katiba ya 2010. London haiwezi.

Kinachowezekana, kwa Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, ni jaji kutamka kwamba sheria fulani haipatani na haki hizo. Tamko haliifuti. Desemba 2004 Malodi wa mahakama, wanane dhidi ya mmoja, walilitoa kuhusu sheria iliyoruhusu wageni walioshukiwa ugaidi kufungwa bila mashtaka na bila kikomo. Hukumu ile haikuwafungulia mlango wa gereza siku ile. Ilibidi Bunge liandike upya, Machi 2005. Aibu ya kisiasa ndiyo iliyofanya kazi.

Ule mpango wa Rwanda haukumpeleka mtu yeyote kwa nguvu. Julai 2024 serikali ilibadilika kwa kura, na mpya ikautupa.

Na kwa kuwa tumelelewa na sinema, tusahihishe picha moja: jaji wa Uingereza hagongi nyundo. Hana. Wale wa Mahakama ya Juu hawavai hata nywele za bandia wanaposikiliza kesi.

Sheria inapomfikia mtu

Zaidi ya kesi tisa katika kila kumi za jinai huishia mahakama ya chini kabisa, mara nyingi mbele ya mahakimu ambao ni raia tu: hawahitaji shahada ya sheria, hawalipwi mshahara, na wana mshauri wa sheria pembeni. Kesi nzito huenda kwa juri ya watu 12. Hao si kama wazee wa baraza wa huku kwetu, ambao maoni yao jaji aliweza kuyasikiliza na kuyaacha. Juri ndiyo inayoamua kama jogoo alikaa siku tatu au wiki tatu. Jaji huieleza sheria, kisha hukaa kimya.

Hatua hii ndiyo isiyoandikwa sana, na ndiyo inayomwamulia mtu. Tazama wazee wa Mau Mau. Sheria ya ukomo wa muda ya 1980 humpa mwenye kudai fidia ya kuumizwa mwili miaka mitatu, lakini kifungu chake cha 33 kinamruhusu jaji kulegeza akiona ni haki. Oktoba 2012 jaji wa Mahakama Kuu ya London alikitumia kwa Wakenya watatu walioteswa kambini zaidi ya miaka 50 nyuma. Alisema nyaraka zilizobaki, zikiwamo zile zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko England, ni nyingi kiasi kwamba kesi ya haki bado inawezekana. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa humohumo.

Kundi la pili lilikuja na wadai zaidi ya 40,000. Sheria ileile, kifungu kilekile cha 33, vita ilevile. Mwaka 2018 jaji mwingine wa Mahakama Kuu hiyohiyo alipima miaka iliyopita na mashahidi waliokwisha kufa, akaona kesi ya haki haiwezekani tena. Hawakupata kitu.